Tuiachie Mali Kabla Haijatuachia

Ndugu msomaji, mtu akitoka katikati ya jiji la Bujumbura na kuifuata barabara iendayo Rumonge, huku Ziwa Tanganyika likiwa mkono wake wa kulia na milima mkono wake wa kushoto, atapita Kanyosha na hatimaye kufika Ruziba. Ni mahali pa wavuvi na wakulima wadogo, ambapo ndagala huanikwa juani na ambapo kila mwenye kipande cha ardhi hukipima kwa hatua. Hapo ndipo marehemu baba yangu alipotuachia kiwanja. Na hapo ndipo nilipojifunza, kwa kuchelewa na kwa aibu, jambo ninalotaka kulieleza leo: kwamba Mkristo asiyeweza kuiachia mali hajaanza bado kumtegemea Mungu, hata kama alibatizwa utotoni na hata kama hukaa benchi la mbele kila Jumapili.

Nitakieleza kisa changu kwanza, maana si haki kumwonya mwenzako ilhali unaficha kosa lako.

Kiwanja chetu kilipakana na cha baba yangu mdogo, ambaye alikimbilia Kigoma mwaka 1972, kama walivyokimbia maelfu kwa maelfu ya Warundi, naye akarejea nyumbani mwaka 2008. Baina ya viwanja viwili hivyo palikuwa na ukanda wa ardhi wenye upana wa hatua kumi na mbili. Baba mdogo alisema ukanda huo ni wake tangu enzi za babu. Mimi nilisema kwamba sisi ndio tuliobaki, sisi ndio tuliolima. Mwaka 2019 shauri lilipelekwa kwa Bashingantahe, wazee wetu wapatanishi, na lilipokosa ufumbuzi likaenda mahakamani.

Sasa nafika penye aibu. Kila siku ya kusikilizwa shauri nilikwenda nikiwa nimevaa magwanda yangu ya jeshi. Hakuna mkubwa aliyeniamuru kuyavaa, wala siku hizo sikuwa kazini. Niliyavaa kwa sababu nilifahamu kwamba mzee mmoja aliyemwona babu akipanda minyaa ya mpaka angesita kusema kweli mbele ya afisa. Naye kweli alisita. Na kila Jumapili nilikwenda kanisani, nikaimba, nikatoa sadaka, nikarudi nyumbani nikiwa na amani kabisa.

Mwaka 2024 ziwa likapanda. Wakazi wa Bujumbura wanaukumbuka mwaka ule: maji yaliingia majumbani, yakafunika barabara za kando ya ziwa, watu wakahama na magodoro vichwani. Kule Ruziba hatua zile kumi na mbili zilizama zote, pamoja na minyaa yake na mawe yake ya mpaka, na maji yakachukua sehemu ya kiwanja changu na sehemu ya kiwanja cha baba mdogo bila ya kuuliza nani ana hati na nani hana. Nilisimama pale nikaangalia mawimbi madogo yakipita juu ya kitu nilichokipigania miaka mitano, nikaona jinsi nilivyokuwa mpumbavu.

Msomaji asidhani kwamba niliongoka papo hapo. Jambo la kwanza nililolifanya ni kumpelekea ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, ujumbe wa kwamba nimesamehe yote, achukue ule ukanda. Nilijiona mkarimu kupita kiasi. Ndipo nilipokumbuka maneno ya mkufunzi wetu mmoja katika chuo cha makadeti.

Katika mwendo wetu wa kwanza wa masafa marefu, sisi vijana tulijaza mashanta yetu kila kitu tulichokipenda: viatu vya ziada, redio ndogo, vikopo vya maziwa, picha zenye fremu za kioo. Tulipopita kilomita ya kumi na tano tukaanza kuvitupa kimyakimya kando ya njia. Kumbe mkufunzi alikuja nyuma yetu akiviokota. Jioni alivipanga mbele ya gwaride, akamwita kila mmoja achukue chake na kueleza kwa nini alikitupa. Kadeti mmoja akajibu kwa hila kwamba alikitoa kwa ajili ya wapita njia maskini. Mkufunzi akamwambia, "Hukukitoa. Kimekutoka."

Maneno hayo mawili yanabeba tofauti kubwa. Ardhi iliyozama sikuitoa, ilinitoka. Mtu ambaye nyumba yake imeungua hajawa maskini wa roho kwa sababu hiyo tu. Asubuhi ya tarehe 27 Januari 2013 moto uliteketeza soko kuu la Bujumbura, na wafanyabiashara waliolala wakiwa na mitaji yao waliamka hawana kitu. Kuwaambia watu hao kwamba Mungu aliwafundisha kuachia mali ni ukatili unaovaa joho la mahubiri. Vivyo hivyo kwa mkimbizi, kwa mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, kwa mtoto yatima wa vita. Waliopoteza wanastahili kufarijiwa na kusaidiwa. Wanaopaswa kuambiwa waachie ni wale ambao mikono yao ingali imefumbata, nami nilikuwa mmoja wao.

Katika historia ya Kanisa wamo askari waliolielewa jambo hili kuliko wengi, na mimi kama askari hupenda kuwakumbuka. Martino, aliyekuja kuwa askofu wa Tours katika nchi ya Ufaransa na kufariki mwaka 397, alikuwa kijana katika jeshi la Roma. Mapokeo yanasimulia kwamba siku ya baridi kali, langoni mwa mji wa Amiens, alikutana na maskini aliyekuwa uchi, akalikata joho lake vipande viwili kwa upanga na kumpa kimoja. Inasimuliwa pia kwamba wenzake walimcheka, maana askari mwenye nusu ya joho hakai vizuri kwenye gwaride.

Inyasi wa Loyola, Mhispania, alijeruhiwa miguu kwenye vita vya Pamplona tarehe 20 Mei 1521. Mwaka uliofuata alikwenda Montserrat, akautundika upanga wake mbele ya altare na kumpa mwombaji mmoja mavazi yake ya kibwana. Lakini kisa hiki kina mkia ambao aghalabu husahauliwa: yule mwombaji alishukiwa kuwa ameiba nguo zile nzuri, na Inyasi alipopata habari hizo alilia machozi. Hapo tunajifunza kwamba kutoa pasipo kufikiri kunaweza kumtia mpokeaji matatani. Mtoaji asijifurahishe tu kwa kujiona mwepesi. Amwangalie na yule anayekabidhiwa.

Wa tatu ni Charles de Foucauld, aliyezaliwa mwaka 1858 na kusoma katika chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr. Alirithi fedha nyingi, akazitapanya katika anasa hata jamaa zake wakaona afadhali awekewe msimamizi. Mwaka 1886 aliirudia imani yake, mwaka 1890 akaingia utawani, na kuanzia mwaka 1905 aliishi Tamanrasset, katika jangwa la Algeria, miongoni mwa Watuareg, akiwa na vitu vichache kabisa. Aliuawa tarehe 1 Desemba 1916, akiwa hajapata hata kile kikundi cha watawa alichokitamani. Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Fedha za ujana wake zilimtoka. Maisha yake ya baadaye aliyatoa. Ni mtu yuleyule, na mara zote mbili mfuko wake ulikuwa mtupu, lakini tofauti ya imani ni kama ya usiku na mchana.

Wapo watakaosema kwamba mifano hii ni ya Wazungu wa zamani. Basi na tuje kwetu. Mwezi wa Septemba mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, walikutana watu wawili: Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi katika idara ya afya, na Daktari Joe Church, Mwingereza aliyekuwa na hospitali Gahini, nchini Rwanda. Kutokana na urafiki wao ulikua ule uamsho ambao watu wake huitwa Balokole, yaani waliookoka. Nsibambi aliiacha kazi yake ya mshahara ili ahubiri. Uamsho ulienea Rwanda, Uganda, Tanganyika, na hapa kwetu Burundi ukashika mizizi katika vituo vya misheni ya Kianglikana vya Matana na Buhiga, vilivyofunguliwa katikati ya miaka ya 1930.

Jambo ambalo wazee hulikumbuka zaidi kuhusu watu wale ni marejesho. Mtu aliyeguswa moyo hakuishia kulia na kuimba. Alirudisha jembe aliloliiba, alilipa deni alilolikana, alikiri hadharani kwamba alimdhulumu mwajiri wake au jirani yake. Hao walimfuata Zakayo mtoza ushuru, ambaye katika Injili ya Luka aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne wale aliowapunja. Watu wengi hukumbuka ile nusu na kusahau zile mara nne. Lakini pasipo marejesho, sadaka ni hongo tunayotaka kumpa Mungu ili asitazame vitabu vyetu vya hesabu.

Hata hivyo uamsho huo nao ulipata majaribu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kule Uganda, kundi lililoongozwa na Yona Mondo lilishikilia masharti makali, likiwemo la kwamba aliyeokoka asikope, na ndugu wakafarakana kwa sababu hiyo. Kitu kilichoanza kama uhuru kiligeuka kipimo cha kumhukumia mwenzako. Mtu anaweza kuachia mali yote akabaki ameshikilia kiburi, nacho kiburi ni mali nzito kuliko shamba.

Na yapo maovu makubwa zaidi ambayo sina budi kuyataja, kwa kuwa siku hizi maneno ya "achia upokee" yanasikika kila kona ya miji yetu. Tarehe 17 Machi 2000 huko Kanungu, magharibi mwa Uganda, mamia ya waumini wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya nyumba yao ya sala. Wengi wao walikuwa wameuza mashamba na mifugo na kuwakabidhi viongozi fedha. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioacha kazi, shule na nyumba zao kumfuata mhubiri, wakafunga kula hata wakafa, na watoto wadogo wakiwa miongoni mwao. Watu hawa nao waliachia mali. Je, tuseme kwamba imani yao ilikuzwa? La hasha! Waliporwa kwa jina la Mungu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, napendekeza tuwe na vipimo vitatu, navyo havihitaji elimu ya seminari.

Kipimo cha kwanza ni kuuliza mali inayoachiliwa inakwenda kwa nani. Ikiteremka kwa mwenye njaa, mgonjwa na mgeni, hiyo ni njia ya Injili. Ikipanda kwa mhubiri mwenye gari jipya, hiyo ni biashara. Watu hupenda kumtaja yule mjane wa Injili aliyetoa senti zake mbili, nao humtaja ili maskini waone haya na kutoa zaidi. Lakini asome mtu sura ya kumi na mbili ya Marko: mara tu kabla ya kisa hicho Bwana Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja, wala mtu asiyatenganishe.

Kipimo cha pili ni uhuru. Katika Matendo ya Mitume, Petro alimweleza Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuliuza, na fedha zilikuwa katika uwezo wake baada ya kuliuza. Kosa lake lilikuwa uongo. Basi anayekuamuru utoe, anayekutisha kwa laana, anayesoma majina ya wasiotoa hadharani, huyo hajui alisemalo.

Kipimo cha tatu ni haki kutangulia hisani. Usimpe yatima shati ilhali unakalia shamba la baba yake. Katika nchi yetu kipimo hiki kina uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya mashauri katika mahakama za Burundi ni ya ardhi, ndugu kwa ndugu, jirani kwa jirani, aliyerejea kwa aliyebaki. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalilitambua jambo hilo, na mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo. Lakini tume na mahakama huweza kutoa hukumu tu. Haziwezi kuufumbua mkono wa mtu. Wote wawili walioko mahakamani aghalabu ni Wakristo, nao hukutana Jumapili wakipeana amani.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu. Mtu atasema: "Bwana afisa, nchi yetu ni maskini, nawe unatuhubiria umaskini? Wahenga walisema akiba haiozi." Nami nakubali kwamba haiozi. Sisemi mama auzaye ndagala sokoni autupe mtaji wake ziwani. Yosefu aliweka nafaka Misri miaka saba, na Maandiko yanamsifu kwa hekima yake. Lakini njaa ilipofika, maghala yalifunguliwa. Dhambi haiko katika ghala, bali katika kufuli lisilofunguka. Ziwa letu lenyewe linatufundisha. Lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, mito mingi inaingia ndani yake, na mto mmoja tu, Lukuga, ndio unaotoa maji yake kuyapeleka Kongo. Stanley alipoufikia mto huo mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na mimea, nalo ziwa lilikuwa juu. Miaka michache baadaye Lukuga ikazibuka, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Chenye kupokea bila kutoa huzamisha kingo zake chenyewe.

Wengine watauliza: imani inaongezekaje kwa jambo hili? Nitajibu kama nilivyoona. Mtu mwenye mengi huomba mkate wa kila siku kwa mdomo, kwa maana mkate wa mwaka mzima tayari anao. Akipunguza, sala ile inaanza kuwa sala ya kweli. Pili, hofu hupungua. Mtu anayelinda ukanda wa hatua kumi na mbili hamwangalii jirani bila kumshuku, na yule anayemshuku jirani wake mchana kutwa atampendaje Mungu usiku? Tatu, macho hufunguka, tukaona kwamba kitu tulichokiita chetu tulikabidhiwa tu. Sanda haina mfuko.

Na sisi tunaolipwa kwa fedha za umma tunapaswa kutangulia. Mwaka 1966 Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyeishika dini yake bila ya kuitangaza, alikata mshahara wake mwenyewe na wa viongozi wa juu kwa asilimia 20. Hatukuambiwa sote tuwe kama yeye. Lakini afisa anayetumia sare kuongeza kiwanja chake, kama nilivyofanya mimi, ameuza kitu ambacho si chake.

Sasa nimalize kisa changu. Kiangazi cha mwaka 2024 kilipofika maji yalirudi nyuma, na ule ukanda ukaonekana tena, matope matupu, minyaa imekauka. Hapo ndipo ulipofika mtihani wenyewe, kwa kuwa kitu kilichokuwa kimenitoka kilikuwa kimerudi, na moyo wangu, nakiri, ulianza kukihesabu upya. Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Kisha nilivaa shati la kawaida nikaenda kwa yule mzee shahidi, nikamwomba radhi na kumsihi aseme alichokiona. Alisema. Mpaka wa babu ulikuwa kama baba mdogo alivyodai siku zote. Tukaandika hati mbele ya Bashingantahe, nikatia saini, na gharama za shauri nikazilipa mimi.

Mtoto wa baba mdogo aliisoma hati ile polepole. Miaka yote ya kesi alikuwa akiniita "afande". Siku hiyo aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema, "Ahsante, kaka. Lakini laiti ungeileta baba angali hai." Maana baba mdogo alifariki mwaka 2022, shauri likiwa bado mahakamani, akiwa amengoja ardhi ile tangu mwaka 1972.

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo. Nimepata amani, ni kweli. Sala zangu zimekuwa fupi na za kweli zaidi. Lakini kuna deni ambalo siwezi tena kulilipa, kwa sababu mwenye kulipwa hayupo.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama kuna kitu mkononi mwako ambacho dhamiri yako inakuambia si chako, au ni chako lakini kimekuwa bwana wako, usingoje ziwa lipande, wala usingoje mazishi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nenda leo, ukiwa umevaa shati la kawaida, wakati mwenye haki yake angali anaweza kukufungulia mlango.